Wakala kanikatia tiketi kwa hesabu ya kikokotoo, nimekosa kumzika shangazi

Wakuu hili nimekaa nalo toka jumatatu nimeshindwa kulimeza.

Shangazi aliyenilea kafariki Mtwara jumapili jioni, maziko yakapangwa kesho yake saa 10 alasiri, mimi niko huku Ujiji na maisha yangu yote ni mtu wa treni, ndege sikuwahi kupanda. Usiku uleule nikamkimbilia wakala wa tiketi hapa Kigoma mjini. Akafungua kikokotoo cha umbali kwenye simu, akaandika Kigoma, akaandika Dar, ikaja kilomita 1,077, muda saa 1 na dakika 21. Akanambia ukiondoka saa 4 asubuhi, saa 5 na nusu haijafika uko Dar, ile ya Mtwara ya saa 7 na nusu unaisubiri umekaa. Nikatoa hela, tiketi mbili tofauti.

Sasa sikieni. Hiyo 1,077 ni kweli, ni mstari ulionyooka uwanja kwa uwanja. Ila huo muda umetoka wapi? Gawanya mwenyewe hizo kilomita kwa 800 kwa saa, ndo inakuja hiyo hiyo, yaani kimechukua spidi ya jeti wakati huku tumepanda pangaboi, ndege ya mapanga, inayokwenda kama 650 kwa saa, hapo tayari ni saa 1 na dakika 39 ikiwa angani tu, bado haijatembea kwenye lami, haijapanda, haijashuka. Na kubwa kuliko yote ndege ile ilikua inatua Tabora!! Mimi nakuja kulijua hilo nimeshafunga mkanda. Kigoma Tabora 351, Tabora Dar 732, jumlisha uone, 1,083, imezidi kilomita 6 tu. Kwa umbali hiyo Tabora huioni hata ukokotoe mpaka kuche, iko kwenye ratiba, na kusoma ratiba ndo kazi tunayomlipa wakala.

Tabora tumekaa dakika 40. Mapanga yamesimama, mlango uko wazi, mizigo inashushwa taratibu kabisa, naangalia saa inasoma 5:21, dakika ileile niliyoambiwa nitakua nishafika Dar.

Tumetua saa 7 na dakika 10, begi nimelipata 7:25, kaunta ya Mtwara ishafungwa zamani. Saa 10 nilikua nimekaa chini nje ya uwanja simu sikioni, mdogo wangu kaishika pale makaburini nasikia wanamwombea dua.

Nimerudi kwa wakala ananijibu eti mtandao ndo ulisema. Nauli ya Mtwara nayo hairudi kwa sababu tiketi hazikuunganishwa, ndege ya kwanza haihusiki na ya pili, na hilo nalo hakunambia wakati anapokea hela yangu.

Kuna mtu humu alishawahi kumdai wakala akalipwa? Alianzia wapi?