Naomba ushauri: "mbuzi wake" au "mbuzi zake"?

Wakuu, naomba msaada wa wanaohariri vitabu vya shule. Tunaandaa mwongozo wa uhariri na tumekwama kwenye vimilikishi (maneno ya kumiliki kama "wake", "zake") vya majina ya viumbe hai yasiyobadilika umbo katika wingi.

Kitenzi na kivumishi havina ugomvi: mbuzi mkubwa amepotea, mbuzi wakubwa wamepotea. Undugu nao umetulia: dada yangu, dada zangu, "dada wangu" ni kosa. Shida ni wanyama. Kanuni inataka "mbuzi wake", umoja na wingi. Sasa soma: "Juma aliuza mbuzi wake." Mmoja au kundi zima? Mwanafunzi hawezi kujua. Wafugaji wengi husema "mbuzi zake", na utata unakwisha palepale, ila wenzangu wanakataa sentensi kama "mbuzi zake wamepotea" kwa kuwa inachanganya ngeli mbili. Mimi naona hoja hiyo ni dhaifu, maana "dada zake wamepotea" ina mchanganyiko uleule na hakuna anayeilalamikia.

Je, turuhusu "zake" kwa wingi wa wanyama, au tulazimishe "mbuzi wake wote", "mbuzi wake mmoja"? Na "marafiki": mnaandika "zangu" au "wangu"?