Kaktasi ya nguzo imekonda juu, ya Krismasi haitoi maua: nikate wapi?

Baraza_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Nina kaktasi mbili kwenye vyungu, nyumba iko mlimani huku Nyegezi, Mwanza.

Ya kwanza ni ya nguzo, ina mbavu sita, kimo kama mita moja na nusu. Chini ina unene wa sm 9 hivi, ila kuanzia katikati imekonda hadi sm 4, imepauka na sasa inaegemea ukuta. Ya pili ni ile ya Krismasi, yenye vipande bapa vinavyoning'inia. Imejaa, kijani safi, lakini ua hata moja hakuna. Zote ziko barazani karibu na taa ya ulinzi.

Nikate wapi, na kwa kifaa gani? Nikikata zitachanua? Masika ndiyo inaishia, nianze sasa? Udongo niliotumia ni ule mweusi wa mbuga na samadi kidogo.

Fundi_Miiba
Mkuu, kabla ya kushika kisu hakikisha hiyo ya nguzo ni kaktasi kweli. Mimea mingi inayoitwa kaktasi mjini hapa ni ndugu wa mnyaa. Ichome kwa sindano: ikitoa maziwa meupe, ni hao. Maziwa hayo yanaunguza ngozi na yakiingia jichoni ni jambo la hospitali. Kaktasi ya nguzo hutoa maji yasiyo na rangi, yana ute kidogo, na miiba yake huchomoza kwa kundi kutoka kwenye kidoa chenye manyoya kama sufu. Ya ndugu wa mnyaa mara nyingi hukaa miwili miwili.

Kama ni kaktasi, muda ni huu. Juni hadi katikati ya Agosti hewa ni kavu, kidonda kinafunga kabla ya vuli. Ukikata Novemba unyevu wa ziwa na mvua vinaozesha shina kuanzia juu kwenda chini, na hutajua mpaka lilainike.

Acha kumwagilia siku 7 hadi 10 kabla. Chukua kisu kirefu chembamba, kifute kwa spiriti. Kunja gazeti liwe mkanda mnene, zungushia shina, mtu wa pili ashike mkanda huo; glavu za kitambaa peke yake hazizuii miiba. Kata kwa mkupuo mmoja bila kukereza, sm 2 au 3 chini ya pale unene unapoanza kupungua. Usikate kwenye sehemu iliyokonda, maana hiyo hainenepi tena hata ukiipa jua la mwaka mzima, na tawi litakaloota juu yake litavunjika kwa uzito wake. Mkato uwe na mteremko kidogo ili maji yasituame juu.

Halafu tazama sehemu iliyokatwa. Katikati utaona duara la mishipa. Likiwa jeupe au kijani hafifu, safi. Ukiona vidoa vya kahawia au rangi ya chungwa, huo ni uozo: shuka sm 2 nyingine, futa kisu kwa spiriti, kata tena, mpaka vidoa viishe. Wengi huogopa kupoteza urefu wakaacha kidoa kimoja, na mwezi ujao wanatupa mmea mzima. Nyunyizia unga wa salfa, ile inayotumika kwenye mikorosho, au mkaa uliosagwa laini. Usimwagilie kisiki kwa wiki mbili.

Machipukizi yatatokea kwenye vile vidoa vya miiba vilivyo karibu na mkato, kwa kawaida baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Yakija manne au matano, bakiza moja au mawili yaliyokaa pande tofauti, mengine yang'oe yakiwa bado madogo.

Udongo wa mbuga uondoe. Unashika maji kama sifongo, na ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Changanya mchanga mkubwa wa luseni (udongo wa kichanga) pamoja na changarawe ya mm 3 hadi 5, jumla sehemu mbili, kwa sehemu moja ya udongo wa majani yaliyooza. Chungu kiwe na tundu, na kisahani cha chini kisikae na maji.

IgomaGreen
Nyongeza kwenye ile ya Krismasi: punguza theluthi moja ya kila tawi, itachipua vipande vipya viwili viwili na maua yatakuwa mengi.

Mama_Vyungu
@IgomaGreen kanuni ni sahihi, wakati ndio sio. Ile hutoa ua kwenye ncha ya kipande kilichokomaa. Akikata leo, vipande vipya vinahitaji miezi mitatu minne kukomaa, kwa hiyo anaondoa ncha zote zilizo tayari.

Ndugu yangu wa Nyegezi, hiyo usiikate sasa. Shida yake ni taa. Huu ni mmea unaotaka usiku mrefu ndipo uweke vichomozo vya maua. Asili yake ni milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huchanua kuelekea Mei, usiku unaporefuka. Sisi karibu na ikweta usiku ni saa 12 mwaka mzima, na taa ya baraza inaukatisha hata huo.

Tengeneza giza mwenyewe. Kila siku saa 11 jioni ifunike kwa boksi lisilopitisha mwanga, ifunue saa 2 asubuhi. Fanya hivyo wiki sita bila kuruka. Mwagilia pale sm 2 za juu zinapokauka. Huyu ni wa msituni, huota juu ya miti, hataki kukaushwa kama wa jangwani wala jua la saa sita. Mbolea simamisha. Ukiona vichomozo vyekundu kwenye ncha, acha kufunika, na usikihamishe chungu, kwani kuhamishwa na kukaushwa ndivyo vinavyodondosha vichomozo. Kutoka hapo hadi kuchanua ni wiki sita hadi nane.

Maua yakinyauka ndipo upunguze, ndani ya mwezi mmoja. Mkasi hauhitajiki: shika kipande kwenye kiungo kwa vidole viwili, zungusha, kitatoka chenyewe. Toa kipande kimoja hadi vitatu kwa kila tawi. Ulivyotoa vianike kivulini siku mbili tatu, kisha pachika vitatu vitatu kwenye kopo.

Baraza_Nyegezi
Asanteni sana wakuu. Nimechoma sindano, ni maji tu. Sasa kile kipande cha juu cha nguzo nakitupa? Na maua yake je?

Fundi_Miiba
Usitupe kabla ya kuangalia ncha. Kama kuna urefu wa sm 15 au zaidi wenye unene wa kuridhisha, chonga kingo za mkato kama unavyochonga penseli, kwa sababu nyama ya katikati husinyaa kuliko ganda na mizizi hutoka kwenye duara la mishipa. Kisimamishe wima kivulini wiki mbili hadi nne, ukikilaza, kinapinda. Kikishafanya gamba gumu, ukipande kwa kina cha sm 4 kwenye mchanga mkavu, kiegemeze kijiti, maji ya kwanza baada ya siku 10. Kama chote kina unene wa sm 4 tu, kitupe, hakitakuja kuwa nguzo.

Kuhusu maua, kisu hakiyaleti. Nguzo huchanua ikishapevuka, tena usiku, na kisiki ulichokata kitatumia msimu mmoja au zaidi kurudisha shina kwanza. Kinachohitajika ni jua la moja kwa moja saa tano sita kwa siku. Ila usiitoe barazani ghafla: Septemba jua linapita utosini, na ngozi iliyozoea kivuli inaungua ikaacha kovu jeupe lisilofutika. Anza na jua la asubuhi tu kwa wiki mbili. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, yurea hasa, usiweke. Inavimbisha shina mpaka linapasuka.

Mama_Vyungu
Na kabla hujaingiza mkono kwenye chungu, kagua penye viungo na kwenye mifereji ya mbavu. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba, vipake spiriti kwa kijiti cha pamba, rudia kila wiki mara tatu. Ukivibeba kwenye udongo mpya vitahamia mizizini, na huko spiriti haifiki.