Historia ya klabu ya wazee wa Keya: tarehe zinagongana

Mnazi_Muheza:
Wakuu, kamati ya klabu ya askari wa zamani wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki) kijijini inataka kuandika historia ukutani kabla ya Mashujaa, Julai 25. Zipo medali nne, kitabu kimoja cha kuachishwa jeshi kilicholiwa na mchwa, na masimulizi ya wajukuu. Mzee mmoja huyohuyo, huku anaambiwa alipigana vita vya Mjerumani (1914–18), huku vya Hitla (1939–45). Tuanzie wapi?

Kisosora77:
Medali kwanza, masimulizi baadaye. Zile za duara za Mwingereza za 1914–18 zina namba na jina la askari ukingoni, herufi ndogo mno. Mulikeni tochi ya simu kwa ubavu, ndipo zitasomeka. Za 1939–45 Mwingereza aliwapa Keya bila kuandika jina, kwa hiyo ukingo mtupu usiwatie shaka. Zikiwa nyota, someni maandishi ya kwenye duara la katikati: ya Burma imeandikwa Burma, ya Afrika imeandikwa Afrika, zote kwa Kiingereza. Waliopigana Uhabeshi 1940–41 walipata ya Afrika. Utepe msiuamini sana, watoto hubadilishana. Na jamani, msisugue kwa ndimu na majivu! Medali itang'aa, jina litakuwa limekwenda.

Bi_Pongwe:
Nyongeza: angalieni alikuwa upande gani. Novemba 1914 jeshi la Mwingereza lililoshuka Tanga lilisafirishwa kutoka India. Waafrika waliolizuia mjini walikuwa askari wa Mjerumani, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Babu akisemwa "alipigana Tanga" na hana medali ya Mwingereza, hilo si ajabu, na msimwite Keya. Wengine walikuwa wapagazi tu, wa upande huu au ule.

Kitabu cha kuachishwa nacho kina lake. Keya wa Tanganyika waligeuka Tanganyika Rifles 1961, JWTZ, jeshi la Tanzania, ikaundwa Septemba 1, 1964. Mkiona Keya na mwaka 1966 kwenye mstari mmoja, kuna aliyekosea kunakili. Wa vita vya Kagera 1978–79 wapeni safu yao.

Mnazi_Muheza:
Shukrani, Bi. Na asiye na medali wala karatasi?

Bi_Pongwe:
Aandikwe, ila chini ya kichwa "kwa maelezo ya familia", na daftarini mweke jina la msimulizi na siku aliyosema. Wapagazi wengi waliokufa hawakuandikwa majina popote, mkidai karatasi mtawafuta mara ya pili.

Kisosora77:
Waliofia vitani tafuteni kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Jaribuni tahajia zote: Hamisi, Hamis, Khamis, yenye "bin" na isiyo nayo. Karani aliandika alivyosikia.

Ukutani acheni mistari kumi mitupu chini. Siku ya uzinduzi lazima aje mtu na jina.