Kitabu kibaya kuliko vyote: mimi naitaja Nagona

Mwanzisha mada, Mwanza

Swali ni la siku nyingi ila watu hulijibu kwa woga: ni kitabu gani cha Kiswahili kibaya kuliko vyote ulivyowahi kusoma hadi ukurasa wa mwisho? Wengi hutaja vijitabu ambavyo hata mwandishi wake hajulikani, kwa kuwa hapo hakuna wa kukasirika. Mimi nataja kitabu cha mtu ninayemheshimu sana: Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990.

Msiniambie sijamsoma. Rosa Mistika ya 1971 nimeirudia mara nyingi. Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, na kuanzia hapo unaona jinsi ukali wa baba mlevi unavyomtengeneza msichana ambaye akitoka nyumbani hajui hata namna ya kujilinda. Sisi wa kandokando ya Ziwa tunazijua nyumba hizo. Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka: zote zina watu, zina vijiji, zina ugomvi ambao unaelewa umeanzia wapi. Gamba la Nyoka inakuonyesha wanakijiji wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa, na unasikia hasira yao.

Hiyo ilikuwa 1979. Ikapita miaka kumi na moja, kisha kikaja kitabu chembamba ambamo msimulizi hana jina, safari haina mwanzo unaoshikika, wafu wanazungumza, wanafalsafa wa Ulaya wanajitokeza, na Nagona mwenyewe anafuatwa bila kukamatika. Mwaka uliofuata ikaja Mzingile, hali ileile. Nimeimaliza Nagona kwa ubishi tu. Wasomaji wa riwaya za Kiswahili ni wachache mno, halafu fundi mkubwa wa kizazi chake anaandika kitabu ambacho mvuvi wa kijijini kwao Namagondo, Ukerewe, akikifungua atakirudisha mezani. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko la mwandishi asiye na kipaji, kwa sababu asiye na kipaji hakuwa na kitu cha kutunyima.

Karibuni. Sharti langu ni moja: taja ulichokisoma chote, na useme sababu.

Msomaji, Nairobi

Dadangu, ujasiri wako naupenda, lakini umemkamata asiye na hatia. Walenisi ya Katama Mkangi nayo ni safari ya ajabu. Dzombo anatiwa katika chombo na kurushwa angani, nasi tuliisoma tukiwa wadogo na tukamfuata hadi mwisho. Ugumu haujawahi kuniudhi. Kinachoniudhi ni riwaya inayonihubiria.

Mnaijua. Kijana maskini ni mwema kupindukia. Tajiri ana kitambi na roho mbaya. Ukimwi una sura yake, dawa za kulevya zina sura yake, ufisadi una sura yake, na kila mhusika akifungua mdomo anatoa hotuba. Ukurasa wa mwisho mwema anapata kazi, mbaya anapata wazimu au jela. Sitaji kimoja, maana ni vingi na ukivichanganya huwezi kuvitenganisha.

Chanzo chake kinajulikana. Kitabu kikiteuliwa kutahiniwa, kinanunuliwa na shule za nchi nzima kwa miaka kadhaa. Kisipoteuliwa, kinalala ghalani. Kwa hiyo mwandishi anamwandikia yule atakayeteua, na anayeteua anataka maadili yanayoonekana kwa mbali. Halafu sisi wanafunzi tunapewa mistari miwili na kuulizwa: “Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)”. Unaandika nani anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani, umemaliza. Kuna wenzangu walifaulu kwa mwongozo peke yake, kitabu chenyewe hawakukigusa. Nani atapenda kusoma baada ya hapo?

Mwalimu wa sekondari, Tanga

Nawasalimu wote. Ndugu wa Nairobi, kwetu mambo ni hayohayo, majina tu yanabadilika: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, migogoro, na lile swali lisilokufa la kama jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Nimelisahihisha katika madaftari kwa miaka mingi, na majibu yote yanaanza na “Ndiyo, linasadifu kwa kiasi kikubwa”.

Wanafunzi wangu wakiulizwa swali hili, wengi wao watataja Kusadikika ya Shaaban Robert. Wanalalamika kwamba hotuba ni ndefu na kwamba mtu akiitwa Majivuno huhitaji kusoma zaidi ili umjue. Naelewa wanachosema. Ila tazameni kinachotokea humo. Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Badala ya kujitetea kwa machozi, anasimama barazani na kusimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wametumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na maarifa, na malipo yao yakawa gereza. Kitabu hiki kilitoka 1951, bendera ya Mwingereza ikipepea hapa Tanga. Mwanafunzi anayekariri kwamba “dhamira ni haki” hajaonja hata punje ya ujasiri huo, na mimi mwalimu wake sina vipindi vya kutosha vya kukaa naye juu ya mjumbe mmoja tu.

Sasa Nagona. Binti yangu wa Mwanza, Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, wapo washairi wa mapokeo waliosema yale si mashairi kwa sababu hayana vina wala mizani. Leo yanafundishwa. Nagona nayo haikuwa mwisho wa njia: Said Ahmed Mohamed akaja na Babu Alipofufuka, Kyallo Wamitila akaja na Bina-Adamu! Mlango uliosema umefungwa, wengine wamepita. Na huyo mvuvi wa Namagondo usimdharau. Bibi zetu walisimulia hadithi ambamo mtu anaingia pangoni na kutokea nchi nyingine, mizimu inasema, mnyama anafuatwa hadi jua linakuchwa, na hakuna mtoto aliyedai aelezwe mwanzo. Isomeni kwa sauti, jioni, watu wawili watatu.

Msomaji, Unguja

Mimi siendi huko kwenye riwaya. Kibaya kuliko vyote ni hivi vitabu vya hamasa vinavyouzwa kila kona. Nilinunua kimoja, nikakimaliza. Kila sura ilinitaka niamke alfajiri, niache marafiki wasio na ndoto, niamini. Mwenye genge anaamka saa kumi za alfajiri kila siku kwenda sokoni, mbona hajatajirika? Kitabu kile hakikuwa na neno kwake, ila kumwambia kuwa umaskini wake ni kosa lake. Nagona angalau haimtukani mtu.

Mwanzisha mada, Mwanza

Shikamoo mwalimu. Nimekusoma kwa makini. Mfano wa bibi naukubali nusu. Bibi alisimulia uso kwa uso. Akiona umepotea anarudi nyuma, anaimba kiitikio, anakungoja. Kitabu hakikungoji, kwa hiyo mwandishi anapaswa kukuachia alama njiani, na humo sikuziona. Na hao waliofuata, Babu Alipofufuka nimeisoma: namjua mhusika mkuu, K, ni nani, najua babu yake anamdai nini. Said Ahmed Mohamed alichukua uhuru uleule na bado akanikumbuka mimi msomaji.

Ndugu wa Nairobi, riwaya zako za mahubiri ni mbovu, hatubishani. Lakini humo mwenye kuandika hakuwa na zaidi ya alichotoa. Kezilahabi alikuwa nacho. Rosa Mistika ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu kila aliyeifungua aliielewa, na wakubwa wakaogopa. Nagona hakuna aliyeiogopa.

Naiacha palepale nilipoiweka. Anayeipenda aje anieleze Nagona ni nani na kwa nini nimfuate, kwa maneno yake mwenyewe, bila mwongozo.