Dada ana presha ya mapafu ya kurithi? Sisi ndugu zake tupime jeni?

MdogoWake:
Habari zenu. Dada yangu ana miaka 31. Alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, akaambiwa ni pumu, dawa ya kuvuta haikumsaidia. Baadaye akapitishwa katheta, yaani mrija mwembamba wa kupimia, upande wa kulia wa moyo: shinikizo la wastani kwenye ateri ya mapafu ni milimita 52 za zebaki, na kawaida halitakiwi kuzidi 20. Shangazi yetu, dada wa baba, alifariki bado kijana, tukaambiwa tu moyo ulipanuka. Sasa daktari anataka dada apimwe jeni. Ugonjwa si umeshajulikana? Kipimo hiki kitaongeza nini? Na mimi nisiyeumwa nikapime? Nina binti mdogo, yeye ndiye anayeninyima usingizi.

PumziZangu:
Pole sana, ndugu yangu. Naumwa ugonjwa huohuo, na nina hitilafu kwenye jeni ya BMPR2. Uhusiano wake na ugonjwa huu uligunduliwa mwaka 2000, na ndiyo inayopatikana katika familia nyingi kama zetu.

Tafadhali usitangulie kupima wewe. Aanze dada. Hitilafu ikionekana kwake, maabara itajua itafute nini kwenu. Ukipima peke yako ukaambiwa huna kitu, hutajua kama umesalimika au hawakutafuta mahali penyewe.

Mwenye hitilafu ya BMPR2, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Lakini kuirithi si kuugua! Makadirio yanayotumika sana ni kwamba huugua wanawake kama 42 kati ya 100 wenye hitilafu hiyo, na wanaume kama 14. Kwa hiyo baba yenu anaweza kuwa nayo, akampa dada, na yeye mwenyewe asiugue kamwe. Habari za shangazi mwambieni daktari, ni muhimu mno.

Muuguzi_Moyo:
Naongezea kuhusu faida kwa dada mwenyewe. Kuna aina ya ugonjwa huu ambayo vena ndogo za mapafu, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ndizo zinazoziba. Dalili zinafanana, lakini dawa za kutanua mishipa zinaweza kumjaza mgonjwa maji mapafuni. Kuithibitisha kwa kukata kinyama cha pafu ni hatari kwa mtu mwenye presha hii. Tangu 2014 tunajua jeni ya EIF2AK4: nakala zote mbili, ya baba na ya mama, zikiwa na hitilafu, tunajua ni aina hiyo bila kisu.

MdogoWake:
Asanteni sana. Na wasipoona kitu kwa dada?

PumziZangu:
Haimaanishi kwamba si wa kurithi, maana jeni zote bado hazijajulikana. Kwa historia ya shangazi, ninyi ndugu muulizie kufuatiliwa kwa eko ya moyo (kipimo cha mawimbi ya sauti) hata hivyo. Wakati mwingine pia majibu husema kuna badiliko lisiloeleweka maana yake. Hilo msilitumie kuamua lolote juu ya mtu mzima wa afya, sembuse mtoto.

Kuhusu binti yako: kwa BMPR2, hapimwi kabla yako. Ikipatikana kwa dada na wewe ukakutwa huna, yeye hawezi kuirithi kutoka kwako. Ukiwa nayo, kaa kwanza na mshauri wa vinasaba ndipo mwamue lini. Majibu ya dada yakitoka ombeni nakala yenye jina kamili la hitilafu, maabara yoyote mtakayoenda itaihitaji.