Endrick: Madrid wamemchelewesha dogo, au tulimkuza wenyewe?

Kipanga wa Segerea (mtoa mada)
Wakuu, Lyon wamewachapa Metz 5-2 kwao na Endrick, straika Mbrazili wa Real Madrid, kaondoka na mpira. Mabao matatu peke yake. Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta kwa tochi pale Madrid. Palmeiras walikubali kumuuza Desemba 2022 akiwa na miaka 16, akabaki Brazil mpaka Julai 2024 alipofikisha 18 kwa sababu ya sheria ya FIFA ya wachezaji wadogo, akatua Bernabéu, uwanja wa Madrid, akalia mbele ya mashabiki siku ya kutambulishwa. Msimu wa kwanza mabao saba. Msimu wa pili wakampa jezi namba 9, dakika wakamnyima. Januari hii ya 2026 kapelekwa Lyon kwa mkopo, mwezi haujaisha anafunga. Nauliza: Madrid wamemchelewesha, au alikuwa hajaiva na sisi ndio tuliomkuza? Hoja tafadhali, si ushabiki.

Mbishi Mtaratibu
"Si ushabiki", anasema mtu mwenye picha ya Vinícius kwenye wasifu wake. Mkuu, hao Metz wanaburuza mkia. Ile ligi ya Ufaransa ukiitoa PSG iliyobaki ni ndondo tu. Na katika hayo mabao saba, matano ni ya Copa del Rey, Kombe la Mfalme, si ya ligi. Straika wa euro milioni 80!

Kipanga wa Segerea
Milioni 80 umeiokota wapi? Ilivyoripotiwa ni 35 za uhakika na 25 za nyongeza, jumla 60, kodi pembeni. Na hiyo Copa usiibeze. Nusu fainali na Real Sociedad, mechi ya kwanza 1-0, bao la nani? Marudiano 4-4, nani aliunyanyua mpira juu ya kipa utadhani yuko mazoezini? Usipoangalia mechi, soma hata matokeo.

Ngosha wa Kahama
Mnabishana mabao wakati suala ni ngazi. Ronaldo de Lima alipotoka Cruzeiro 1994 hakwenda Barcelona. Alikwenda PSV ya Uholanzi, akacheza miaka miwili, Barcelona wakamchukua 1996 tayari anatisha. Romário alipita hapo hapo PSV kabla yake. Straika hakomazwi na mazoezi, anakomazwa na mechi. Akose mbili leo, Jumapili aanze tena. Ajue beki mzee anavyomvuta jezi refa akigeuka, ajue lini adondoke chini na lini avumilie.

Sasa tazama waliorushwa moja kwa moja juu. Keirrison, Barcelona walimnunua 2009 kutoka Palmeiras hiyo hiyo, hakuwachezea hata mechi moja ya mashindano. Reinier, Madrid walimchukua Flamengo Januari 2020, akazungushwa Dortmund, Girona, Frosinone, Granada kama barua isiyo na anwani. Vitor Roque, Barcelona Januari 2024, mwaka mmoja baadaye yuko Palmeiras anafunga kwa raha zake. Hata Vinícius alianzia Castilla, timu ya pili ya Madrid, na alikaa misimu mitatu watu wakimcheka kabla ya ule wa 2021/22. Endrick yeye alikuta Mbappé kaingia dirisha hilo hilo. Mlitaka apitie wapi? Lyon ingekuwa 2024 tusingekuwa na uzi huu.

Mbishi Mtaratibu
"Mnabishana mabao." Sasa straika tumpime kwa nini Ngosha, kwa unadhifu wa soksi?

Bin Kibokoni
Nyinyi watu wa bara mwapenda kuandika magazeti. Kijana alifunga Wembley na miaka 16, uwanja mzima kimya, leo mwasema hajaiva? Si ngazi wala roshani. Ameoa na miaka 18, hata miezi mitatu hajamaliza Madrid. Mpira ataucheza saa ngapi?

Kipanga wa Segerea
Ni 17, sheikh. Machi 2024, Vinícius kakimbia, Pickford wa England kaokoa, dogo kausukumia wavuni. Siku tatu baadaye akawafunga Hispania hapo hapo Bernabéu, Juni akawafunga Mexico dakika za lala salama. Mechi tatu za Brazil mfululizo.

Mama Shadya
Nilikuwa nasoma kimya, Bin Kibokoni umenitoa. Kuoa kunapunguza nini kwenye miguu ya mtu? Kaká alioa Desemba 2005, Ballon d'Or kachukua 2007. Kijana anayejiheshimu, ana mke, harudi alfajiri na harufu za vilabuni, ndiye mnamtafutia kasoro. Angekuwa na wasichana kila wiki mngesema "dogo anaenjoi". Mimi nimeolewa na miaka 19, mume wangu akiwa na 22, na biashara yake haijafa kwa sababu yangu.

Mbishi Mtaratibu
Dada Mama Shadya, heshima yako, lakini Kaká alikuwa na 23 na Serie A ameshaibeba. Usichanganye mtu aliyeshika nafasi na mtu anayetafuta nafasi.

Mama Shadya
Mimi si dada yako, nina mtoto wa kidato cha nne. Na mtu anayetafuta nafasi ndiye anahitaji wa kumpikia na kumsikiliza. Hujawahi kukaa ugenini ukiwa na miaka 18 wewe.

Bin Kibokoni
Bi Mama Shadya, wewe wasema ndoa, mimi nasema mambo yale. Wenyewe wawili walikaa wakasimulia kwamba walikuwa na mkataba wa uchumba. Mkataba! Una masharti ya maneno yasiyoruhusiwa, na lazima waambiane "nakupenda" kwa hali yoyote. Sasa fikiria umekaa benchi, kocha Alonso hakutazami, nyumbani nako kuna masharti.

Fundi wa Gereji
😂😂 Mkataba ule ndio pekee aliokuwa anacheza dakika 90.

Mama Shadya
Cheka tu Fundi. Nyumba ngapi za Kibokoni na Segerea zingepona kama watu wangeandikiana maneno yasiyoruhusiwa?

Bin Kibokoni
Kibokoni waitaja kwa lipi? Kwetu ndoa zatulia. Tafuta kwingine.

Ngosha wa Kahama
Nimeandika kuhusu PSV, Castilla, Keirrison. Hakuna hata mmoja aliyegusa. Tunajadili mkataba wa uchumba.

Mbishi Mtaratibu
Ngosha usilie. Keirrison hakuna anayemjua, ndiyo maana hakuna aliyegusa. Wabrazili wa kweli hawahitaji kubebwa kwa ngazi, wanaingia na kuwasha.

Fundi wa Gereji
Wabrazili wa kweli kama wale watatu mliowashusha Simba, hapo Msimbazi, 2019? Straika alikuwa Wilker. Nani anakumbuka bao lake? Fraga ndiye angalau alikuwa mchezaji.

Mbishi Mtaratibu
Imeingiaje hapa?

Fundi wa Gereji
Imeingia kwa mlango wa kocha Robertinho. Alitoka Brazil, akapita Rwanda, akapita Vipers ya Uganda, akaja kwenu, Novemba 2023 akapigwa tano moja na Yanga, akafungashiwa virago. Mbrazili wa kweli.

Mbishi Mtaratibu
Hiyo tano mtaikumbusha mpaka lini? Mpira una historia ndefu kuliko Novemba moja. Na Singida walileta Bruno Gomes, akawatungua watu kwa mipira iliyokufa, tulimsifu wote. Sisi tunazungumza mpira, wewe unazungumza jezi.

Fundi wa Gereji
Povu.

Kipanga wa Segerea
Wakuu, mada ni Endrick. Nawaomba.

Bin Kibokoni
Mada ni yako, tumekusikia. Basi nijibu: 1 Novemba 2023, Botafogo waongoza 3-0 mapumziko, ligi karibu waishike mkononi. Kijana wa miaka 17 afunga mawili, Palmeiras washinda 4-3, na ubingwa wauchukua. Mtu huyo hajaiva? Aliyetoka pale hakuwa bichi. Walimwozesha Madrid.

Mbishi Mtaratibu
Si ulisema kaoza kwa sababu ya ndoa? Chagua moja.

Bin Kibokoni
Nimesema yote mawili.

Mama Shadya
Kuna kitu mnakiruka. Huyu mtoto walikuwa na shida hata ya chakula nyumbani. Palmeiras walipomchukua baba yake alipewa kazi ya usafi pale klabuni. Kwa hiyo mzazi anafagia, mtoto anafunga, na watu wenye suti wanahesabu. Unaposema "angekataa Madrid, angepita PSV", unamwambia nani? Unamwambia baba mwenye fagio akatae milioni 60?

Ngosha wa Kahama
Angalau umegusa. Lakini mama, hizo milioni zinaenda Palmeiras, si kwa baba. Klabu ndiyo iliyouza. Wakamuuza Endrick, wakamuuza Estêvão kwa Chelsea kwa mtindo ule ule, subiri ufike 18 halafu nenda. Estêvão akawafunga hao hao Chelsea kwenye Kombe la Dunia la Klabu kabla hajahamia kwao. Ni kiwanda kile. Mtoto anakubali mkataba akiwa na miaka 16, na kila wiki anajua ameshauzwa. Mimi ningetaka tuulize kama hilo liruhusiwe kabisa.

Mama Shadya
Usiniambie zinaenda wapi kama sijui. Mshahara wa Madrid hauendi Palmeiras. Familia imehama na kijana, wanakula, wanalala. Nyie mnaotoa masomo ya ngazi mmeshashiba.

Ngosha wa Kahama
Sijasema hujui.

Mama Shadya
Umesema "lakini mama".

Fundi wa Gereji
Mimi dogo nilimkubali kwa bao moja tu, la Stuttgart, Septemba 2024. Dakika za nyongeza, mashambulizi ya kushtukiza, Vinícius huku, Mbappé kule, wote wameinua mikono. Yeye kafyatua kutoka mbali kama hajawaona. Ukikosa pale unakula benchi miezi sita. Akafunga.

Mbishi Mtaratibu
Kafunga kwa sababu kipa alikuwa analala. Ule ni uchoyo. Na benchi alilila hata hivyo.

Fundi wa Gereji
Namba tisa asiye mchoyo ni kiungo.

Kipanga wa Segerea
Ancelotti mwenyewe, kocha wa Madrid wakati ule, alisema baada ya mechi kwamba dogo alichagua njia ngumu kuliko zote, na akamsifu ujasiri. Na huyo Ancelotti ndiye kocha wa Brazil sasa. Akiendelea hivi Lyon, Juni anapanda ndege.

Mbishi Mtaratibu
Ancelotti alimwona mazoezini msimu mzima, kila siku, na alikuwa akimwingiza watu wakishavaa makoti ya kuondoka. Huyo ndiye utakayemtegemea ampe namba tisa Kombe la Dunia?

Bin Kibokoni
Alikuwa na Mbappé. Brazil Mbappé hayuko.

Mbishi Mtaratibu
Yuko João Pedro. Kahamia Chelsea Julai mwaka jana, nusu fainali ya Kombe la Klabu kawafunga Fluminense waliomlea, mawili, fainali akawafunga PSG. Huyo hakuhitaji mkopo.

Ngosha wa Kahama
João Pedro alitoka Fluminense akaenda Watford, kisha Brighton, ndipo Chelsea. Ngazi.

Mbishi Mtaratibu
Watford nayo unaiita ngazi?

Fundi wa Gereji
João Pedro si namba tisa halisi, anashuka sana katikati. Cunha vile vile.

Bin Kibokoni
Cunha mwamweka wapi sasa, kulia au nyuma ya mshambuliaji? Maana Raphinha hatoki.

Fundi wa Gereji
Raphinha anaanza kushoto, Vinícius aingie ndani. Tena afadhali huyo Vinícius awe ndiye tisa, Rodrygo akipona achukue pembeni.

Kipanga wa Segerea
Yaani kwenye kikosi chenu nyote Endrick hayumo?

Mbishi Mtaratibu
Yumo, benchi. Fundi, hiyo ya Vinícius namba tisa Brazil wameshaijaribu mara ngapi na imezaa nini? Niandikie mechi tatu.