Tupeane uzoefu: mgonjwa anapoelekea thieta, mkanganyiko huingilia wapi?

SistaKondele
Wadau wa wodi, thieta, maabara na rekodi, uzi huu ni wa kazi. Visa vya nani alimkosea nani tuviache. Tuandike kitu kinavyofanyika, kipimo chake, na kinapoharibika.

Habari iliyotoka Machi 2018 kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, wengi mnaikumbuka. Wagonjwa wawili, mmoja na damu iliyoganda kichwani, mwenzake na uvimbe usiohitaji kisu. Vitambulisho vikabadilishana, na kosa likajulikana kichwa kimeshafunguliwa na damu iliyotafutwa haipo. Waliosimamishwa kazi walikuwa mpasuaji, muuguzi wa wodi, muuguzi wa mapokezi ya thieta na mtoa usingizi. Hesabu hapo: mtu alipita mikononi mwa vituo vinne na kila kituo kikaamini kilichotangulia kimeshakagua.

Naanza na jina, maana huku kwetu jina pekee halitoshi. Kisumu aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi, wa jua la mchana ni Achieng, wa usiku ni Atieno. Nakuru mtoto hurithi jina la babu au nyanya, kwa hiyo binamu wawili wanaweza kufanana majina yote. Bungoma utakuta akina Wafula na Nekesa wodi nzima. Ukisimama mlangoni ukaita "Achieng!", atainuka aliyesikia kwanza.

Kwa hiyo usimuulize "Wewe ndiye Achieng?" Mtu ana njaa tangu jana, ameogopa, na anamheshimu sista: atasema ndiyo. Muulize, "Mama, unaitwa nani, majina yote? Leo unafanyiwa nini? Upande gani?" Kisha nyamaza. Usimmalizie jibu. Kama hasikii Kiswahili vizuri, aulizwe kwa Kijaluo, Kiluhya au lugha aliyo nayo, na mkalimani asiwe mgonjwa wa kitanda cha pili. Alichosema kilingane na kitambulisho cha mkononi, faili, fomu ya ridhaa na orodha ya thieta. Kimoja kikikataa, machela isitoke wodini.

Namba ya kitanda si utambulisho. Wodi ikijaa wanalala wawili, na usiku mtu huhamia karibu na dirisha bila kumwambia yeyote. Tumia namba ya kulazwa.

MtunzaFaili
Nikazie hapo kwa sista. Vitambulisho vya mkononi vikiisha stoo, watu hukata plasta ya gundi na kuandika kwa biro. Biro huyeyuka kwa jasho na spiriti. Ikifika thieta imebaki doa la buluu. Tumia kalamu ya wino usiofutika, andika majina matatu, namba ya kulazwa na mwaka wa kuzaliwa (wazee wengi wanajua mwaka tu, tarehe ni ya kubuni), uache ikauke kabla ya kubandika.

Mahali pa kufunga pia ni hesabu. Ukifunga kwenye mkono ambao mtoa usingizi ataweka kanula (mpira mdogo wa mshipani), kitakatwa na kuwekwa mezani. Kitambulisho kilicho mezani si cha mtu. Sheria iwe moja: anayekikata ndiye anayefunga kingine papo hapo. Kwa mtoto mdogo weka viwili, mkono na mguu.

Halafu kuna jambo watu hawapendi kulisema: kuazimana bima. Mtu anatibiwa kwa kadi ya dada yake kuokoa pesa. Tangu hapo faili la dada lina kundi la damu la mtu mwingine, mzio wa mtu mwingine, na upasuaji ambao mwenyewe hajawahi kufanyiwa. Miaka mitatu baadaye dada anakuja kweli, amepoteza fahamu, na tunaliamini faili. Ukiona kovu lisiloandikwa, au faili linasema kidole tumbo kilitolewa na tumbo halina alama, simamisha kila kitu kwanza.

Na majeruhi wa boda boda wasio na kitambulisho. Usiku wa Jumamosi wanaweza kuingia watatu. "Mwanamume asiyejulikana" haitoshi. Weka namba ya kulazwa, tarehe, saa, alipookotwa, na alama ya mwili: meno ya chini yaliyong'olewa, kovu, rangi ya nguo. Ndugu wakija na jina, usifute lile la awali. Liandike kando na namba ibaki ileile, kwa sababu damu na eksirei zake zote ziko kwenye namba hiyo.

MfupaBungoma
Upande. Alama huwekwa na mpasuaji mwenyewe, mgonjwa akiwa macho na akikubali kwa mdomo, kabla hajapewa dawa ya kumlegeza. Ni mshale unaoelekea pa kupasua, na herufi za jina la mpasuaji. Usiandike X. Mmoja huisoma "hapa", mwingine "hapa usiguse". Upande usiopasuliwa pia uachwe mtupu kabisa. Anayeandika "siyo huu" kwenye mguu usiopasuliwa anatafuta matatizo.

Alama ibaki ionekane baada ya kusafisha kwa iodini na baada ya kufunika kwa shuka. Hilo la shuka ndilo linalosahaulika zaidi: mshale umechorwa vizuri pajani, shuka inashuka hadi gotini, na hakuna anayeuona tena. Mguu ulio ndani ya plasta ngumu, chora kwenye ngozi ya vidole. Ukichora juu ya plasta, ikikatwa alama huenda nayo.

Vidole usivihesabu, vitaje. "Kidole cha pili" kwa mmoja ni cha shahada, kwa aliyeanza kuhesabu baada ya gumba ni cha kati. Andika gumba, shahada, kati, pete, kidogo.

Eksirei ya filamu ikitundikwa kinyume kwenye taa, kushoto huwa kulia. Tafuta ile herufi ya madini ya risasi, ya kulia au kushoto, iliyopigwa pamoja na picha. Kama herufi imeandikwa kwa kalamu baadaye, hiyo ni maoni ya mtu. Na upande uandikwe kwa neno zima, kulia au kushoto, kwenye orodha na kwenye fomu ya ridhaa.

MachoVihiga
Kwa mtoto wa jicho kosa huanza kabla ya thieta: matone ya kupanua mboni yakiingia jicho lisilo lake, kila anayefuata ataona mboni iliyopanuka na kudhani ndilo. Mshale uwe juu ya nyusi kabla ya tone la kwanza. Lenzi nayo ina nguvu yake kwa kila jicho. Karatasi ya vipimo isomwe kwa jina, namba na jicho, siyo "inayofuata".

UsingiziNakuru
Niseme kuhusu njaa, maana hapo tunafeli pande zote mbili. Mtu akilazwa kwa nusu kaputi, ule uwezo wa kukohoa na kuziba njia ya hewa unalala naye. Kilicho tumboni kikipanda kinaingia mapafuni, na asidi ya tumbo huyaunguza. Ndiyo sababu ya kukaa bila kula au kunywa kwa saa hizi kabla ya upasuaji:

Maji, strungi (chai isiyo na maziwa), juisi isiyo na nyuzi: saa 2.
Maziwa ya mama: saa 4.
Maziwa ya ng'ombe au ya kopo, uji, chai ya maziwa, mkate mkavu: saa 6.
Nyama, chipsi, mandazi, samaki wa kukaanga: saa 8.

Uji ndio hutuponza. Familia huhesabu kwamba ni kinywaji, na mtu aliyeambiwa asile chochote anapewa kikombe cha uji alfajiri apate nguvu. Sema "hata uji" kwa jina lake. Na sema saa vizuri: "asile baada ya saa sita" mwingine atasubiri saa sita mchana. Andika "saa sita usiku" na umuonyeshe aliyebaki na mgonjwa.

Upande wa pili ni kumnyima maji tangu saa sita usiku mtu atakayeingia saa nane mchana. Hizo ni saa 14. Kwa mtoto, mama mjamzito au mwenye sukari hiyo ni hatari yenyewe. Orodha ikisogea, mpigie simu sista wa wodi apewe maji.

Majeruhi wa ajali, mjamzito, na aliyeziba utumbo, hesabu tumbo limejaa hata kama amekaa siku nzima. Maumivu na hofu hulizuia tumbo lisiteremshe chakula.

Dawa: warfarini, ya kuzuia damu kuganda, huachwa siku 5 kabla na damu hupimwa tena. Metformini ya sukari haimezwi asubuhi ya upasuaji. Insulini haiachwi yote kiholela. Kipimo hupunguzwa na daktari. Dawa za presha: amlodipini na atenololi humezwa na funda la maji, lakini enalaprili na losartani mara nyingi tunaziacha saa 24 kabla kwa sababu hushusha presha sana baada ya usingizi. ARV na dawa za kifafa hazikatizwi. Aspirini kwa mwenye stenti ya moyo (kimrija kinachoshikilia mshipa wa moyo wazi) usiiachishe kabla ya kuongea nasi. Miti shamba muulize bila kumcheka, la sivyo atakuficha.

Mtoto apimwe uzito siku hiyohiyo, kwa mizani, kwa kilo. Mfano: paracetamoli ya mshipa, chupa ya ml 100 ina mg 1000. Mtoto wa kilo 6 kwa mg 10 kwa kilo anapata mg 60, yaani ml 6. Anayesoma "60" na kuvuta ml 60 amempa mara kumi. Andika mg na ml zote mbili, vuta kwenye sirinji, usimwachie chupa nzima ikining'inia.

Mlezi_Ahero
Strungi yenye sukari je?

UsingiziNakuru
Sukari haina neno. Tone la maziwa likiingia, hesabu saa 6.

MaabaraKakamega
Damu. Kosa kubwa la damu huanzia kwenye chupa ya sampuli, ile yenye kifuniko cha zambarau. Mtu anaandika majina kwenye chupa tano mezani, kisha anazunguka wodini akizijaza. Akiitwa katikati, chupa mbili zimebadilishana na maabara hatuna namna ya kujua. Tutapima vizuri kabisa damu ya mtu mwingine. Mgonjwa mmoja kwa wakati, vuta, andika hapohapo kando ya kitanda ukisoma kitambulisho chake, ndipo uondoke. Kama hatuna kundi lake la zamani kwenye kumbukumbu, tuleteeni sampuli ya pili iliyovutwa wakati tofauti. Kuigawa sampuli moja chupa mbili ni kujidanganya.

Kulinganisha damu huchukua karibu saa nzima. "Imeagizwa" siyo "ipo". Kabla ya mgonjwa kutoka wodini, mtu aone mfuko kwa macho. Na ndugu waelezwe kwamba painti waliyochangia inaingia benki ya damu. Si lazima ndiyo itakayotundikwa.

Ikifika thieta, watu wawili wasome kwa sauti: jina, namba ya kulazwa, kundi, namba ya mfuko, tarehe ya kuisha. Ikikaa nje ya friji zaidi ya dakika 30 bila kuanzishwa, irudishwe kwetu na tuambiwe. Ikianza, iishe ndani ya saa 4. Msiipashe kwenye maji moto.

Kumbukeni aliyelala usingizi hawezi kusema "mgongo unaniuma" wala kulalamika baridi. Dalili za damu isiyomfaa kwake ni presha kushuka ghafla, mkojo mwekundu kwenye mpira, na kidonda kutiririka kila mahali. Funga damu kwanza, maswali baadaye.

Nyanza na Magharibi tuna selimundu nyingi, siko seli kama wengi wanavyoiita. Kila mtoto wa huku apimwe kabla ya upasuaji wa kupanga. Akiwa nayo, awe wa kwanza kwenye orodha, apate dripu wakati wa kukaa njaa, afunikwe joto, oksijeni isishuke. Baridi, kiu na upungufu wa oksijeni ndivyo vinavyokunja seli zake.

MkungaSiaya
Kwa operesheni ya uzazi ya dharura watu huruka ukaguzi wote kwa sababu ya haraka. Kusoma jina, mzio, damu na mapigo ya mtoto hakuchukui dakika. Mapigo yasikilizwe tena mezani, kabla ya kisu. Yale ya wodini yameshapitwa. Vitambulisho vya mtoto viandikwe kabla hajatolewa, vifungwe humohumo thieta mama akiviona kama yuko macho kwa sindano ya mgongo. "Mtoto wa Akinyi" peke yake ni hatari, weka namba ya mama. Pacha waandikwe kwanza kwa namba, wa kwanza na wa pili. Majina ya pacha ya Kijaluo, Apiyo na Adongo, yatafuata nyumbani.

SistaKondele
Asanteni. Kuhusu ukaguzi wenyewe: orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ilizinduliwa 2008. Ina mambo 19 katika vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Ilijaribiwa hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, Tanzania, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba ni mambo ya Ulaya.

Inavyoharibika ni hivi: karatasi inajazwa tiki zote na mtu mmoja, mara nyingi mwanafunzi, mgonjwa akiwa ameshapasuliwa. Kituo cha pili hakihesabiki mpaka mikono yote isimame. Mpasuaji aweke kisu chini, redio izimwe, kila mmoja aseme jina na kazi yake, kisha jina la mgonjwa, operesheni, upande, antibiotiki imeingia ndani ya dakika 60 zilizopita, na damu inayotarajiwa kumwagika. Ikitazamiwa kuzidi ml 500, au ml 7 kwa kilo kwa mtoto, mishipa miwili iwe wazi. Asomaye awe muuguzi anayezunguka, kwa sababu mikono yake haina kazi kwenye kidonda. Na gozi (vitambaa vya kufyonza damu) zihesabiwe na wawili kwa sauti kabla ya kuanza. Hesabu ya mwisho haina maana kama ya kwanza ilikadiriwa.

MtunzaFaili
Nimesahau moja. Orodha ya thieta ikibadilishwa asubuhi (wa tatu amekunywa uji, wa tano anapandishwa) watu huchora mishale kwa kalamu juu ya karatasi ileile. Iandikwe upya yote, juu iwe na saa ilipoandikwa, na nakala za zamani zikusanywe: ya wodi, ya mapokezi, ya mtoa usingizi, na ile iliyobandikwa mlangoni. Hiyo ya mlangoni ndiyo hubaki.